Mhariri, ulizeni ufa ulianzia wapi kabla ya kuuliza injini ina miaka mingapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na nawaomba radhi mapema itakuwa ndefu, maana hii ishu kila mara inaandikwa nusunusu halafu inaachwa hapo. Injini ya ndege ikipasuka, au turbaini ya gesi ya kuzalisha umeme ikisambaratika, cha kwanza kuandikwa ni umri. Ndege ina miaka mingapi, injini ilinunuliwa lini, na kabla hata wachunguzi hawajafungua mabegi yao kichwa cha habari kishasema ni mtambo kuukuu uliochoka. Wasomaji nao wanadaka hapohapo, mjadala mzima unageuka kuwa tutupe vya zamani tununue vipya. Mi kazi yangu ni kuangalia vipande vya metali vilivyovunjika, ndo ninachofanya maabara, na nawaambia hilo swali la umri mnaliuliza mapema mno. La kuulizwa kwanza ni ufa ulianzia wapi, ulianzia kwenye nini, na hicho kitu kiliingiaje humo ndani.

Chukueni tukio la tarehe 28 Oktoba 2016, uwanja wa O'Hare kule Chicago. Boeing 767 ya American Airlines, safari namba 383 ya kwenda Miami, inakimbia kwenye njia ya kurukia, mara diski moja ndani ya injini ya kulia inapasuka. Diski yenyewe ni ya hatua ya pili ya turbaini ya shinikizo la juu, yaani lile gurudumu zito la metali linaloshikilia bledi (yale mapanga yake) kwenye sehemu ya moto na kuzunguka karibu mara 10,000 kwa dakika. Kipande kikatoboa bawa, kikaruka karibu mita 900, kikatua ndani ya ghala. Mafuta yakamwagika, moto ukawaka upande wa kulia, marubani wakasimamisha ndege, watu wote 170 wakatoka hai, mmoja akiwa ameumia vibaya. Sasa hapa ndo pa kusikiliza: diski ile ilikuwa imeruhusiwa kufanya safari 15,000, tuseme kuwasha, kupaa, kutua na kuzima ndo safari moja, na ilikuwa imefanya 10,984. Ilikuwa na safari kama elfu nne za halali mkononi. Kwa vitabu haikuwa imechoka kabisa. Wachunguzi wa NTSB, ile bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walipoupeleka uso wa mvunjiko kwenye maikroskopu wakakuta nyufa zimeanzia ndani ya metali, kwenye doa dogo la kasoro lililokuwemo tangu aloi, yaani ule mchanganyiko wa metali, ilipoyeyushwa miaka mingi nyuma. Yaani diski ilizaliwa na ugonjwa wake.

Aloi yenyewe ni Inconel 718, ambayo wanaofanya kazi hizi wanaijua vizuri sana maana imejaa kwenye injini za ndege kila kona. Zaidi ya nusu yake ni nikeli, kromiamu iko kama asilimia 18, chuma kiasi karibu na hicho, halafu kuna niobiamu kama asilimia 5 na vikolombwezo vingine. Hiyo niobiamu ndo yenye kazi kubwa, kwa sababu aloi ikipikwa kwa joto la kadiri inajikusanya na nikeli na kutengeneza vichembe vidogo mno, hata maikroskopu ya kawaida haivioni, vimetapakaa ndani ya metali nzima na kazi yake ni kuzuia tabaka za atomu zisiteleze kirahisi. Hapo ndo nguvu ya aloi inapotoka, na inaishikilia hiyo nguvu mpaka kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, joto ambalo chuma cha kawaida kishalegea zamani.

Sasa namna inavyoyeyushwa. Kwa kazi za diski aloi inayeyushwa mara mbili au tatu, mara ya mwisho kwenye tanuri la vakyumu, yaani lililotolewa hewa, ambapo gogo refu la metali linaning'inizwa juu ya dimbwi la metali iliyoyeyuka, umeme unapigwa katikati, gogo linadondoka tone kwa tone na chini linaganda polepole kuwa gogo jipya safi zaidi. Pembeni ya lile dimbwi, kwenye kuta za chombo, kunajengeka ukoko wa metali iliyoganda mapema, na huko uchafu nao unapenda kukaa, oksaidi na naitraidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni au naitrojeni. Kipande cha ukoko kikimeguka kikaanguka kwenye dimbwi na kisimalizike kuyeyuka, basi kinabaki humo humo. Mahali pale panakuwa na niobiamu pungufu, kwa hiyo vile vichembe vya kuzuia mtelezo ni vichache, metali ni laini kuliko majirani zake, na ukiikata na kuipaka asidi inaonekana doa jeupe. Likiwa na oksaidi ndani mafundi wanaliita doa jeupe chafu, na ndo lilikuwa la ile diski ya Chicago. Hebu fikiria mchanganyiko wenyewe: sehemu laini inayokubali kuvutwa, na katikati yake vipande vigumu visivyokubali kuvutwa hata kidogo. Huwezi kubuni mahali pazuri zaidi pa kuanzishia ufa hata ungeombwa.

Kwa nini mahali kama hapo panaanzisha ufa ni jambo linalojulikana muda mrefu, ila kwenye magazeti halifiki. Metali ni fuwele, atomu zimepangwa kwa tabaka, na ukiivuta kwa nguvu ya kutosha tabaka zinateleza moja juu ya nyingine. (Kuna watu mpaka leo wanasema metali ikitumika sana "inageuka fuwele" ndo maana inavunjika, eti wameona mng'ao wa punje punje pale ilipokatika. Hiyo ni hadithi ya karne ya 19, metali ni fuwele tangu ilipoganda, huo mng'ao ni wa dakika ya mwisho ilipokatika ghafla.) Mwaka 1903 Ewing na Humfrey walikaa na chuma cha Sweden kwenye maikroskopu wakakiangalia huku kinapokea mkazo wa kwenda na kurudi, wakaona michirizi ya mtelezo inatokea kwenye baadhi ya chembe (zile fuwele ndogo ndogo zilizoshikana kuunda metali), inaongezeka, inapanuka, mwisho ule mchirizi unakuwa ufa. Mtelezo haurudi ulipotoka. Ukivuta unateleza, ukiachia unarudi ila si sawasawa, kila mzunguko unaacha kibakisho kidogo, na vibakisho vinarundikana mahali palepale mtelezo ulipojikita.

Na mtelezo unajikita palipo na kasoro. Hesabu ya Kirsch ya mwaka 1898 inaonyesha tundu la duara kwenye bamba linalovutwa linafanya mkazo pembeni yake kuwa mara tatu ya ule wa mbali. Kitundu cha umbo la mpira ndani ya metali kinafanya kama mara mbili. Kwa hiyo diski inaweza kuwa imepigiwa hesabu vizuri kabisa, mkazo uko chini ya kiwango, halafu kwenye eneo lenye upana wa unywele kuna sehemu inayopokea mara mbili ya kila mtu na inateleza kila safari wakati jirani zake wametulia tu. Uchafu wa kauri kama oksaidi ya alumini una tatizo lake jingine, ni mgumu kuliko metali iliyouzunguka na ukipoa haunywei sawa nayo, nikeli inanywea zaidi, kwa hiyo baada ya kupikwa na kupoa mkazo unabaki umefungiwa pale hata kabla mashine haijawashwa. Ikianza kazi ama ile kauri yenyewe inakatika, ama inaachana na metali kwenye mpaka wao, na ukishakuwa na mwachano tayari una ufa mdogo mchanga unaosubiri kulishwa.

Joto linaleta mambo yake. Watu wanadhani joto linalegeza tu metali basi, kumbe kwenye hizi aloi kazi kubwa ya uharibifu inafanywa na oksijeni. Mfano mzuri ni hiyohiyo 718, ina kabaidi za niobiamu, yaani niobiamu iliyoungana na kaboni, vipunje vigumu ambavyo kwa kawaida ni sehemu ya aloi, sio uchafu wa bahati mbaya. Kipunje kikiwa ndani hakina shida sana, lakini kikiwa usoni kwenye hewa ya nyuzi 550 mpaka 650, oksijeni inakigeuza oksaidi na oksaidi inachukua nafasi kubwa kuliko kabaidi, kwa hiyo kipunje kinavimba, kinasukuma metali pembeni na kuinuka juu, na pale kilipovimba ufa unaanza. Yaani kitu ambacho kwenye joto la kawaida ungekisamehe, kwenye moto kinakuwa mbegu. Halafu oksijeni inapita kwenye mipaka ya chembe, inaifanya iwe mikavu, yaani ya kukatika bila kuvutika, na mashine ikishikiliwa kwenye mkazo mkubwa kwa muda badala ya kupanda na kushuka haraka, ufa unaacha kukata katikati ya chembe unaanza kutambaa mipakani, na unatambaa kwa kasi zaidi.

Ndo maana kasoro ya usoni na ya ndani hazifanani hata zikiwa na ukubwa mmoja. Ufa uliozaliwa ndani kabisa hauna hewa, uko kwenye vakyumu yake, unakua taratibu, unaweza kukaa huko maelfu ya safari. Siku ukitoboa uso hewa ya moto inaingia na mwendo unabadilika. Inasikika kama habari njema kwamba ufa wa ndani ni wa polepole, ila huo huo ndo hakuna anayeuona.

Nisimulie kidogo jinsi uso wa mvunjiko unavyosomwa, kwa sababu hapa waandishi wanakosa habari nzuri iliyo wazi kabisa. Vipande vikiokotwa na visisuguliwe (tafadhali watu waache kuviunganisha kwa mikono kuona kama vinalingana, wanafuta ushahidi!), unaona eneo moja laini lenye mistari ya kujipinda, mistari inazidi kuwa midogo inaelekea sehemu moja, kama mawimbi ya kidimbwi yanavyokuonyesha jiwe lilitua wapi. Nje ya hilo eneo metali ni kwaruzakwaruza, hiyo ni sehemu iliyokatika mara moja mwishoni. Kwenye vipande vya sehemu ya moto unapata na rangi pia, maana uso uliokaa wazi kwa hewa muda mrefu una oksaidi nene na rangi yake ni tofauti na uso uliofunguka juzi, kwa hiyo unajua ufa ulipita wapi kwanza. Ukiingia na maikroskopu ya elektroni unakuta mistari myembamba zaidi, mara nyingi mmoja kwa kila mzunguko wa mkazo, unaihesabu na kukadiria ufa ulikuwa humo kwa safari ngapi. Halafu unafika kwenye kitovu, na kwenye kitovu unakuta mhusika: kitundu, kipande cha kauri, doa, alama ya mashine ya kuchonga, au wakati mwingine hamna kitu kabisa. Ukipiga kemia ya kitovu inakwambia ni alumini na oksijeni, basi unaanza kuulizia kauri ya tanuri. Hayo yote yanaandikwa kwenye ripoti na picha zinawekwa, ila gazeti likija kuandika mwaka mmoja baadaye linasema "uchunguzi umebaini uchovu wa metali", yaani ufa uliokua kwa mkazo wa kurudiarudia, na linafunga ukurasa. Hiyo ni sawa na kusema marehemu alifariki kwa sababu moyo ulisimama.

Ukubwa wa kasoro una maana lakini sio kwa namna mtu anayoitarajia. Profesa Murakami wa Japani alitumia miaka mingi, hasa kwenye vyuma vigumu, akaonyesha kwamba badala ya kuhangaika na umbo la kasoro chukua eneo la kivuli chake ukiitazama kwa upande wa mvuto, tafuta kipeuo cha pili, na kiwango cha mkazo ambacho metali inakivumilia kinashuka kwa kipeuo cha sita cha namba hiyo. Maana yake kasoro ikiwa na upana mara mbili, uvumilivu unashuka kama asilimia 11 tu. Mtu anaweza kusema ah, kumbe kidogo. Lakini ufa ukishaanza kutembea mambo ni kinyume, mkazo ukiongezeka mara mbili mwendo wa ufa unaongezeka mara nane mpaka kumi na sita kwa aloi nyingi, kwa hiyo asilimia chache za mkazo zinaweza kukutoa kwenye usalama wa miaka mpaka kwenye ajali. Na mahali kasoro ilipo ni muhimu kuliko yote. Doa lilelile likikaa kwenye ukingo wa diski usio na mkazo mkubwa linaweza kustaafu na diski yake kwa amani. Likikaa karibu na tundu la katikati, ambapo mvuto wa mzunguko ni mkubwa, ndo Chicago hiyo.

Kwa hiyo diski mbili za mchoro mmoja, kiwanda kimoja, zilizokaguliwa na mtu mmoja, moja inafika mwisho wa muda wake na nyingine haifiki, na tofauti haiko kwenye kalenda. Tena maabara zenyewe zinaweza kudanganyika hapa. Tunapima vipande vya ukubwa wa kidole. Kama kasoro mbaya inapatikana mara moja kwenye tani kadhaa za metali, unaweza kuvunja vipande mia na usikutane nayo hata mara moja, ukachora mstari mzuri wa takwimu ukasema aloi ni safi, wakati diski kubwa zikiwa elfu kadhaa angani lazima mojawapo imeibeba. Ndo sababu wapo watafiti wanaopanda uchafu kwa makusudi kwenye unga wa aloi kabla ya kuukandamiza, ili wapime kinachotokea badala ya kusubiri bahati.

Nimetaja unga. Aloi za diski za kisasa zina viungo vingi mno, ukiziyeyusha kuwa gogo kubwa viungo vinajitenga wakati wa kuganda na gogo linapasuka ukijaribu kulifua. Suluhisho likawa kuipuliza aloi iliyoyeyuka kwa gesi ya argoni iwe matone madogo, kila tone ligande peke yake haraka, upate unga, uchekeche, uufungie kwenye chombo na kuukandamiza kwa joto. Uzuri wa chekeche ni kwamba uchafu nao hauwezi kuzidi tundu la wavu, kwa nyavu nyingi hizo ni kama maikromita 50 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ingawa kipande chembamba kirefu kinaweza kupita wima. Inaonekana salama na kwa kweli kwa sehemu kubwa ni salama. Lakini Julai 2023 kampuni ya RTX ikatangaza kwamba unga uliotumiwa na kampuni yake tanzu ya Pratt & Whitney kutengeneza diski za injini za PW1100G, zile za Airbus A320neo, ulikuwa na uchafu, na tatizo liliugusa unga wa kuanzia mwishoni mwa 2015 mpaka 2021. Baadaye mwaka uleule wakasema injini kati ya 600 na 700 zitabidi zishushwe zikaguliwe, na hesabu zao zikapigwa kama dola bilioni 3. Ndege mpya kabisa zikaegeshwa! Sasa wale waliokuwa wanaandika "kuukuu" wangeandika nini hapo? Injini zilikuwa changa, ndege changa, na ile sera ya "tununue mpya" ndo ingekuingiza moja kwa moja kwenye tatizo.

Kwenye bledi za turbaini kuna mkasa wake mdogo unaochekesha kama una roho ya hivyo. Zamani zilipasukia kwenye mipaka ya chembe, wahandisi wakaondoa mipaka yote, bledi nzima ikawa fuwele moja, na kuanzia miaka ya 1980 zikaanza kubeba abiria. Mafanikio makubwa sana. Lakini mipaka ilipoondoka waliokuwa nyuma kwenye foleni wakasogea mbele, vitundu vinavyoachwa metali inapoganda, vya makumi ya maikromita, ndo vikawa chanzo. Basi bledi zinawekwa kwenye chombo cha gesi ya argoni yenye joto kali na shinikizo la karibu mara elfu ya hewa ya kawaida, vitundu vinakandamizwa vinafungwa. Ila vile vilivyofunguka usoni havifungwi maana gesi inaingia humohumo. Na hata ukipata metali safi kabisa bado haijaisha, kwenye baadhi ya aloi za unga ufa unaanzia kwenye chembe moja kubwa kuliko wenzake, kando ya mpaka wa pacha ndani ya chembe hiyo (pale mpangilio wa atomu upande mmoja ni kama taswira ya kioo ya upande wa pili), bila uchafu wowote, kwa sababu tu mtelezo ulipata njia ndefu iliyonyooka. Kwa hiyo sidai kila ufa una mtu wa kulaumiwa kiwandani. Vipande vya kuchapishwa kwa leza, ambapo unga wa metali unayeyushwa tabaka kwa tabaka, navyo msivisifie haraka, leza ikiruka sehemu bila kuyeyusha inaacha mwanya bapa, na mwanya bapa tayari una umbo la ufa.

Kuhusu ukaguzi, hapa ndo nina maoni makali kidogo. Tarehe 19 Julai 1989 DC-10 ya United, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Iowa, ikiwa na watu 296 na 112 wakafariki. Ile ilikuwa diski ya feni ya mbele, ya titani, sio ya sehemu ya moto, lakini hadithi ni ileile: naitrojeni iliingia kwenye titani wakati wa kuyeyusha, ikatengeneza kidonge kigumu kikavu karibu na tundu la diski, ufa ukaanzia hapo. Diski ilikuwa imefanya safari 15,503 kati ya 18,000 zilizoruhusiwa. Tena ufa ulikuwa tayari umefika usoni kwenye ukaguzi wake wa mwisho na ukapitwa. Baada ya hapo uyeyushaji wa titani ukabanwa, na mwaka 2001 mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa mwongozo wa kupiga hesabu za uwezekano, yaani usidai tena kwamba kasoro haipo, kadiria iko kwa kiwango gani kisha pima hatari. Huo ulikuwa uungwana wa kihandisi. Lakini mwongozo uliangalia titani. Nikeli ikaendelea kuaminiwa mpaka 2016.

Na ukaguzi wenyewe una mipaka inayotakiwa kusemwa hadharani. Rangi ya kung'aa inayopakwa kwenye kipande inaonyesha ufa uliofika usoni tu. Umeme wa koili unaona usoni na chini kidogo. Altrasaundi inaingia ndani, ila doa jeupe linafanana sana na metali inayolizunguka, sauti haina cha kugonga ikarudi, na chembe za metali zenyewe zinapiga kelele zake. Diski ya Chicago ilikaguliwa kwa altrasaundi ilipotengenezwa ikapita. Kwa hiyo karatasi inayosema "hakuna kasoro iliyoonekana" isomwe hivyohivyo ilivyoandikwa. NTSB walipomaliza wakapendekeza vipande vya aina hiyo vikaguliwe ndani kwa altrasaundi au njia kama hiyo hata vikiwa kazini, sio siku ya kuzaliwa tu, kwa injini zote. Mi naona ni pendekezo la msingi na lilichelewa, gharama yake ni kubwa sikatai, lakini ufa wa ndani unakua, na kitu kilichokuwa kidogo mno kuonekana mwanzoni kinaweza kuonekana baada ya safari elfu tano.

Msinielewe kwamba umri ni bure. Bledi inayokaa kwenye moto mwezi mzima bila kuzimwa inajinyoosha taratibu, oksaidi inaila, vile vichembe vya ndani vinanenepa na kupoteza kazi. Ila umri wa maana ni saa za moto na idadi ya kuwasha na kuzima, sio tarehe ya kununuliwa. Turbaini ya umeme inayonguruma bila kupumzika inaweza kuwa na saa nyingi na mizunguko michache, ndege ya safari fupi fupi ni kinyume chake, na mkiandika "miaka 20" kwa zote mbili mnakuwa hamjamwambia msomaji kitu.

Ninachoomba ni waandishi wenu wakipata tukio linalofuata waulize kipande kilichovunjika ni kipi na ni cha aloi gani, kimefanya mizunguko mingapi kati ya mingapi iliyoruhusiwa, ufa ulianzia usoni au ndani, na kitovuni kulikutwa nini. Kisha waulize swali ambalo sijawahi kuliona kwenye gazeti lolote nalolisoma: yeyusho lile lilitoa diski ngapi nyingine na ziko kwenye injini zipi sasa hivi? Kila gogo la metali lina namba yake ya yeyusho na kila diski inafuatiliwa mpaka kwenye hiyo namba, kwa hiyo jibu lipo, linahitaji mtu wa kuling'ang'ania. Na kama nafasi ya picha ipo, badala ya kurudia ile ya moshi na magari ya zimamoto, ripoti za NTSB ziko wazi kwa umma na zina picha za uso wa mvunjiko na kitovu chake kikiwa kimewekewa mshale. Mnaweza kuanza na ya safari 383.

Wenu,
Msomaji, fundi wa maabara ya metali